Kuusoma Ufa: Ukaguzi wa Majengo katika Vilima vya Nyaramba

Katika mazungumzo ya kila siku, ukaguzi na ukarabati hutajwa kana kwamba ni jambo moja. Makala hii inanuia kuyatenganisha, kwa kutumia mfano wa darasa la matofali na mabati, la aina iliyozoeleka Nyaramba, Kaunti ya Nyamira.

Nyaramba ni nchi ya vilima, majani chai na mvua nyingi. Kiwanja cha jengo huko aghalabu hupatikana kwa kuukata mteremko: upande mmoja huchimbwa, na udongo wake ukajazwa upande wa pili. Udongo wa kujazwa usiposhindiliwa barabara, hudidimia. Kwa hiyo mkaguzi mwenye busara haanzii ukutani. Hulizunguka jengo wakati mvua inanyesha, akatazama maji ya paa yanaangukia wapi. Mlizamu uliotoboka ni kasoro ndogo kwa macho, lakini maji yake yakidondoka mahali pamoja msimu baada ya msimu, huula udongo ulioushikilia msingi.

Ndipo aje kwenye nyufa. Ufa mwembamba kama unywele, usiozidi milimita 1, kwa kawaida ni wa plasta tu. Ule unaopanda kama ngazi kwenye viungo vya matofali, ukiwa mpana juu kuliko chini, mara nyingi huashiria kwamba pembe ya jengo inazama. Ukivuka milimita 5, milango na madirisha huanza kukwama. Hapo huitwa seremala aurande mlango, na ugonjwa wenyewe ukaachwa! Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka milango ya madarasa ifunguke kwa nje, ili wanafunzi watoke upesi panapotokea hatari. Mlango unaokwaruza sakafu hauwezi kulitimiza lengo hilo.

Hata hivyo, ufa uliotazamwa mara moja hausemi mengi. Ncha zake zitiwe alama ya penseli na tarehe, kisha upimwe tena baada ya masika ya Machi hadi Mei, na tena baada ya vuli. Usiposonga, huzibwa. Ukisonga, kuuziba ni kuuficha, na mhandisi aitwe.

Aidha, nyanda za Gusii hupigwa na radi mara kwa mara. Kuwepo kwa kinga-radi juu ya paa hakutoshi. Waya wake ufuatwe mpaka unapoingia ardhini, kwani uliokatika njiani haulindi mtu.

Yote haya huandikwa daftarini, na hapa ndipo kazi nyingi hukwama. Jengo la ghorofa lililoporomoka Huruma, Nairobi, tarehe 29 Aprili 2016 baada ya mvua kubwa, na kuwaua watu wasiopungua 50, lilikuwa limekwisha kuwekewa alama ya kubomolewa. Kasoro ilikuwa imeonekana. Wakazi walibaki ndani. Basi kila mstari wa daftari la ukaguzi hauna budi kutaja kasoro, chanzo chake, hatua itakayochukuliwa, atakayeichukua, na tarehe ya kurudi kutazama. Katika shule yenye fedha haba, mlizamu hutengenezwa kabla ya plasta, na rangi hungoja.