Cheti cha Quebec Hakiuzwi: Kijitabu cha Elimu kwa Wananchi wa Tarime na Serengeti



Kama kuna mtu amefika kijijini kwenu akaahidi kukupeleka wewe au mwanao kuishi na kufanya kazi Quebec, nchini Kanada, mradi utoe malipo ya awali, usimpe hata shilingi moja kabla hujamaliza kusoma kijitabu hiki. Ukimaliza kukisoma, usimpe vilevile.

Dawati letu la msaada wa kisheria limekiandaa kwa sababu malalamiko yamezidi. Wanaokuja kwetu ni wazazi waliouza ng'ombe, vijana waliotoa akiba ya machimboni Nyamongo, akina mama waliokopa kwenye vikoba. Mkononi wana risiti isiyo na mhuri na karatasi za Kifaransa ambazo hakuna mtu nyumbani aliyeweza kuzisoma. Sisi tumezisoma. Nyingine ni kurasa tu zilizochapwa kutoka tovuti ya serikali ya Quebec, kurasa ambazo mtu yeyote mwenye simu ya intaneti anazifungua bure.

Hatumzuii mtu kusafiri. Kwenda ng'ambo kwa njia halali ni haki ya Mtanzania, na wapo wanaofanikiwa. Ila njia ya Quebec ni ngeni kwa wengi wetu, na ugeni huo ndio mtaji wa matapeli.

SERIKALI MBILI, MAAMUZI MAWILI

Quebec ni jimbo la Kanada lenye watu wapatao milioni 9. Jiji lake kubwa ni Montreal, na lugha yake rasmi ni moja tu, Kifaransa. Mwaka 1968 jimbo hilo liliunda wizara yake lenyewe ya uhamiaji. Tarehe 5 Februari 1991 likatiliana saini na serikali kuu ya Kanada makubaliano yanayoliruhusu kuwateua lenyewe wahamiaji wa kiuchumi wanaotaka kuishi humo. Ndiyo maana habari unazosoma kwenye simu kuhusu Ontario au Alberta hazikusaidii hapa. Utaratibu ni mwingine kabisa.

Kwa mfanyakazi mwenye ujuzi, Quebec ikiridhika inatoa cheti cha uteuzi, kinachojulikana kwa herufi CSQ. Cheti hicho si viza. Si kibali cha kazi, wala hakikuruhusu kupanda ndege. Ukishakipata ndipo unaiomba serikali kuu ya Kanada ukaazi wa kudumu, nayo inapima afya yako, rekodi yako ya makosa ya jinai na usalama. Waliowahi kuvuka Sirari wanajua jambo hili: ofisa wa Tanzania akikugongea mhuri wa kutoka, wa Kenya bado ana haki ya kukukatalia kuingia, hata kama wote wawili wamekaa jengo moja.

Kwenye hatua ya kwanza hakuna malipo yoyote. Unajaza maelezo ya nia katika mfumo wa mtandaoni wa Quebec unaoitwa Arrima, na kujaza huko ni bure. Mfumo unakupa alama na kukupanga pamoja na waombaji wengine kutoka dunia nzima. Mara kwa mara wizara inawaalika wale inaowahitaji, na ni baada ya kualikwa tu ndipo mtu anapeleka ombi la cheti na kulipa ada. Si bahati nasibu, na hakuna orodha ya kusubiria ambayo mtu anaweza kukusogeza mbele. Programu inayotumika sasa kwa wafanyakazi wenye ujuzi, PSTQ, ilichukua nafasi ya ile ya zamani mwezi Novemba 2024 na ikaanza kutoa mialiko Julai 2025.

Kwa hiyo anayekudai pesa za "ombi la Quebec" wakati hujaalikwa anakuuzia kitu ambacho hakipo. Usilipe.

AKAUNTI NI YAKO, SI YA WAKALA

Tunakuomba uisome sehemu hii mara mbili, na kama nyumbani kuna mzee asiyeona vizuri, msomee kwa sauti. Tumeizungumza katika mikutano ya vijiji, tumeirudia, na bado kila mara anatujia mtu ambaye alisikia akapuuza.

Maelezo ya nia yanajazwa kwenye akaunti inayofunguliwa kwa barua pepe na nywila. Wakala anapokuja na kompyuta yake, anaifungua kwa barua pepe yake, kwa namba yake ya simu, kwa nywila anayoijua yeye peke yake. Wewe unaachiwa picha ya skrini. Tangu siku hiyo kila ujumbe kutoka Quebec unamfikia yeye. Ukialikwa, hujui. Usipoalikwa, hujui pia, naye anaendelea kukuambia kwamba faili linasogea huku akidai pesa ya tafsiri, kisha ya mhuri, kisha ya kuharakisha. Maelezo ya nia yanadumu miezi 12 tu. Muda huo ukipita bila mwaliko, yanakwisha nguvu na inabidi kuanza upya. Wapo waliokuja kwetu wakiwa bado wanalipia faili lililokwisha muda wake zamani.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo ya pesa. Alama zinatokana na umri, elimu, uzoefu wa kazi, na zaidi ya yote Kifaransa. Wakala anayetaka uamini kwamba umepata alama nyingi ataandika uongo kwa jina lako. Mchimbaji mdogo anageuzwa fundi mitambo mwenye diploma. Dada aliyeishia kidato cha pili anakuwa muuguzi. Wakati wa kujaza, mfumo unapokea tu unachouambia. Ushahidi unadaiwa baadaye, mtu akishaalikwa, na hapo ndipo kila kitu kinapekuliwa. Kwa sheria ya Kanada, anayebainika kutoa maelezo ya uongo au nyaraka za kughushi anaweza kuzuiwa kuingia nchini humo kwa miaka 5. Anayezuiwa ni wewe. Jina ni lako, pasipoti ni yako, alama za vidole ni zako. Wakala yeye amekwisha kwenda kata nyingine. Na hiyo miaka 5 hairudi: alama za umri zinapungua kadiri mtu anavyoupita mwaka wa 30.

Basi fuata haya bila kuyapunguza. Barua pepe iwe yako. Namba ya simu iwe yako, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Nywila iandike mahali pako, usimpe mtu. Kama hujui kutumia kompyuta, mwombe mwanao au mwalimu wa shule ya jirani akuchapie, lakini kaa naye, jibu kila swali kwa mdomo wako, na mwambie akusomee alichoandika kabla ya kutuma. Kusaidiwa kuchapa si kosa. Kosa ni kumwachia mtu mwingine akaunti nzima.

Je, kuna mshauri anayeruhusiwa kulipwa kwa kazi hii? Yupo. Ni mwanasheria wa Barreau du Québec, notari wa Chambre des notaires du Québec, au mshauri wa uhamiaji aliyemo kwenye rejista ya wizara ya uhamiaji ya Quebec. Rejista hiyo iko wazi mtandaoni, na jina linaonekana au halionekani. Mtu anayekutana nawe stendi ya Mugumu au hotelini mjini Tarime akadai ametambuliwa, mtafute humo mbele yake. Asipokuwemo, mazungumzo yameisha.

Quebec haina ofisi Tanzania. Anayejiita mwakilishi wa ofisi hiyo Mwanza, Musoma au popote nchini ni mwongo. Ubalozi wa Kanada uko Dar es Salaam, na hauuzi nafasi za kazi wala vyeti vya uteuzi. Ada za serikali hulipwa kwenye tovuti za serikali zenyewe kwa kadi ya benki. Hazitumwi kwa M-Pesa, kwa Airtel Money, wala kwenye namba ya wakala. Usilipe kwa simu. Tunarudia: usilipe kwa simu.

Tena usimwachie mtu nyaraka halisi. Pasipoti yako, ambayo ulilipia shilingi 150,000, cheti cha kuzaliwa cha RITA na vyeti vya NECTA vibaki kwako. Toa nakala. Tumeshuhudia wazazi wakidaiwa pesa ili warudishiwe vyeti vya watoto wao wenyewe, na hiyo ni jinai.

KIFARANSA HAKINUNULIWI

Mawakala wanalipita jambo hili haraka, nasi tunalisema wazi. Kwa kundi la wataalamu katika PSTQ, Quebec inataka Kifaransa cha kuzungumza cha ngazi ya 7 katika kipimo chake chenye ngazi 12. Kwa kazi za ujuzi wa kati na za mikono inatosha ngazi ya 5. Ngazi ya 7 ni ya mtu anayeweza kujadiliana kazini, kubishana kwa hoja, na kumweleza daktari maradhi yake bila kutafuta maneno.

Wenzetu wa Burundi na Kongo wanaozungumza Kiswahili kama sisi wapo wengi Montreal, na moja ya sababu ni kwamba walisoma kwa Kifaransa tangu utotoni. Sisi tumesoma kwa Kiswahili na Kiingereza. Hilo si aibu, ila ni pengo, na pengo hilo linazibwa kwa kusoma tu.

Hapa Serengeti wapo vijana wenye mwanzo mzuri: waongoza watalii waliojifunza Kifaransa kwa ajili ya wageni wa hifadhini. Hao tunawatia moyo kwa dhati. Lakini kumweleza mgeni habari za simba na nyumbu ni jambo moja, na kufaulu mtihani ni jambo jingine. Mitihani inayokubalika ni kama TCF na TEF, na inafanywa kwenye vituo vilivyoidhinishwa tu. Ulizeni Alliance Française ya Dar es Salaam, au ya Nairobi ambayo kwa watu wa Tarime ni karibu zaidi. Cheti cha mtihani ambao hukuukalia ni nyaraka ya kughushi, na adhabu yake umekwisha kuisoma hapo juu.

MASHARTI MENGINE

Lazima uwe umetimiza miaka 18. Elimu na kazi yako zithibitishwe. Kila mtu mzima katika ombi apate hati ya kuonyesha amejifunza maadili ya kidemokrasia na ya Quebec, sharti lililoanza tarehe 1 Januari 2020. Zipo kanuni za kazi zinazosimamiwa na bodi za taaluma, kama uuguzi na uhandisi, nazo ni ndefu. Zisome kwenye tovuti ya wizara. Kumbuka pia kwamba jimbo limetangaza kupokea wahamiaji wa kudumu 45,000 kwa mwaka kuanzia 2026, likiwapa kipaumbele watu ambao tayari wanaishi ndani yake.

KAZI YA MKATABA NA MASOMO

Wapo wanaoahidiwa kazi za muda mashambani au viwandani. Sheria ya Quebec iko wazi: tangu mwaka 2020 wakala wa kuajiri wafanyakazi wa muda kutoka nje lazima awe na leseni, na haruhusiwi kumtoza mfanyakazi ada ya kumtafutia kazi. Anayekutoza amekwisha kujitambulisha. Hapa nyumbani nako wakala binafsi wa ajira lazima awe na kibali halali. Uliza Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania (TaESA) au Ofisi ya Kazi ya mkoa, Musoma. Nakala unayoonyeshwa kwenye simu haitoshi.

Mwanafunzi anaanza na hati ya kukubaliwa na Quebec, CAQ, kisha anaomba kibali cha masomo kwa serikali kuu. Programu ya PEQ, ambayo bado inatangazwa huku kwetu, ilifungwa tarehe 19 Novemba 2025. Na hata ilipokuwa wazi, ilikuwa ya watu waliosoma au kufanya kazi ndani ya Quebec. Aliyelipishwa kwa PEQ akiwa Nata au Nyamwaga ametapeliwa.

UKIAMBIWA USUBIRI VIZA NAIROBI

Usikubali. Vijana wanavushwa kwa njia za panya kando ya Sirari, pasipoti zinakusanywa, na Kanada haitajwi tena. Kinachofuata ni kazi za bure, au safari ya nchi nyingine kabisa. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inawalinda waliofanyiwa hivyo, hata kama waliondoka kwa hiari. Mzazi ambaye mwanawe hapatikani kwenye simu asingoje kikao cha ukoo. Aende polisi siku hiyohiyo.

KAMA UMEKWISHA KULIPA

Usiongeze. Wengi huongeza kwa kuhofia kupoteza walichotoa mwanzo, na hivyo ndivyo laki mbili zinavyogeuka milioni. Usimtishie wakala wala kumwambia unakuja kushtaki, kwa maana atafuta akaunti na kuzima simu. Kwanza hifadhi ujumbe wote wa simu, ujumbe wa malipo wenye jina na namba ya mpokeaji, risiti, na kila karatasi hata usiyoielewa. Toa taarifa kituo cha polisi kilicho karibu na udai namba ya kumbukumbu. Mwenye matatizo ya pasipoti aende Uhamiaji. Kama aliyekutoza ni mtumishi wa umma, nenda TAKUKURU.

Kisha njoo kwetu. Huduma ni bure, na wapo walioandamana nasi kituoni wakarudishiwa fedha zao kwa sababu walikuja mapema na ushahidi wao ulikuwa kamili. Wanaume wengi huchelewa kwa kuona haya mbele ya familia, hasa waliouza ng'ombe wa mahari bila kuwashirikisha ndugu. Njoo hivyohivyo, na uje na simu uliyotumia kutuma pesa, bila kufuta chochote.