SOMO: Kuseti Tapeti za Injini ya Pampu ya Maji Kabla Haijakuangusha Katikati ya Msimu

 

Leo mbolea na viuatilifu tunaviweka pembeni kidogo, tunaongelea mashine. Vijana wengi mmeingia kwenye kilimo cha umwagiliaji: nyanya Ilula, vitunguu Ruaha Mbuyuni, mboga bonde la Ruvu. Wengi wenu mnategemea pampu moja tu ya petroli ya inchi 2 au 3. Pampu hiyo ikigoma wiki ambayo nyanya zinashika matunda, hasara haisubiri. Maua yanapukutika. Na ukija kumwagilia kwa pupa baada ya ukame wa siku tano, matunda yanaanza kuoza kitako, kwa sababu mmea ukipata maji kwa kushtukiza unashindwa kupeleka kalsiamu kwenye tunda inavyotakiwa.

Sasa ukiangalia, pampu nyingi zinazogoma hazijafa. Mwenye pampu ameshabadilisha plagi, ameshaosha kabureta mara mbili, ameshamwaga petroli akanunua nyingine, na mashine bado inazingua. Kumbe tatizo ni uwazi mdogo sana kwenye valvu, mdogo kuliko unene wa ukucha wako, na hakuna aliyewahi kuupima tangu pampu itoke dukani. Kazi ya kuupima na kuurekebisha ndiyo mafundi huita kuseti tapeti. Tuijue leo.

UWAZI HUO NI WA NINI?

Injini ya pampu ina valvu mbili. Moja inaingiza hewa na petroli kutoka kwenye kabureta, nyingine inatoa moshi kwenda kwenye egzosi. Kamshafti inasukuma fimbo ndefu, fimbo inasukuma roka, roka inabonyeza valvu ifunguke. Roka ikiachia, springi inairudisha valvu ifunge.

Kati ya roka na kichwa cha valvu lazima kuwe na nafasi kidogo pale valvu inapokuwa imefunga. Chuma kikipata moto kinarefuka. Kusipokuwa na nafasi, valvu ikishapata moto itarefuka na kuigusa roka, na hapo haitafunga sawasawa. Ndiyo maana valvu ya egzosi hupewa uwazi mkubwa kuliko ya kuingiza, kwani yenyewe ndiyo inayopitiwa na moto mkali.

Valvu isipofunga vizuri, mambo mawili yanatokea. Kwanza, kompresheni inavuja, injini inakosa nguvu na inakuwa ngumu kuwaka. Pili, valvu inaungua. Valvu hupoa kwa kukaa kwenye kiti chake, moto wake unahamia kwenye kichwa cha silinda. Isipokaa vizuri, ule moto hauna pa kwenda, ukingo wa valvu unaliwa. Hapo umeshatoka kwenye kazi ya nusu saa, umeingia kwenye kazi ya kufungua injini.

KELELE NA UKIMYA

Wakulima wengi wanaogopa injini inayogonga "tiki tiki tiki" juu kwenye kifuniko. Ni kweli, mlio huo mara nyingi ni dalili kwamba uwazi umezidi. Lakini hatari kubwa zaidi iko kwenye injini iliyokuwa na mlio kidogo halafu ikanyamaza yenyewe. Valvu na kiti chake vikilika, valvu inazama ndani na mkia wake unapanda kuelekea kwenye roka. Uwazi unapungua polepole hadi kuisha, wala husikii kitu. Kwa hiyo usiseme "mashine yangu iko kimya, iko poa." Pima.

Dalili za uwazi kuwa mdogo mno au kuisha:

1. Kamba ya kuwashia inavutika kirahisi mno, husikii ule ukinzani wa kompresheni.
2. Injini inawaka asubuhi, lakini ukiizima ikiwa ya moto haiwaki tena mpaka ipoe.
3. Nguvu imepungua, maji hayapandi kama zamani hata ukiongeza mafuta.

Dalili za uwazi kuwa mkubwa mno:

1. Mlio wa kugonga juu ya injini, unaoendana na kasi yake.
2. Nguvu inapungua, kwa sababu valvu haifunguki kiasi cha kutosha.
3. Kamba inakuwa nzito, wakati mwingine inakuvuta mkono. Injini nyingi za aina hii zina kifaa kidogo kwenye kamshafti kinachoinua valvu ya egzosi kidogo wakati unavuta kamba, ili upate wepesi. Uwazi ukizidi, kifaa hicho hakifanyi kazi yake vizuri.

Na hiyo nguvu inayopungua isikupite hivi hivi. Pampu ya maji ikipoteza asilimia 10 ya mzunguko wake, uwezo wake wa kusukuma maji kwenda juu unashuka kwa karibu asilimia 19. Kama shamba lako liko mlimani kidogo kutoka mtoni, unaweza kuchoma petroli ile ile na maji yakafika kama mkojo wa mbuzi.

PIGA HESABU YA SAA

Tuchukue mfano wa Honda GX160, injini ambayo wengi wenu mnayo au mna nakala yake. Kitabu chake kinasema uwazi wa valvu ukaguliwe kila mwaka au kila baada ya saa 300 za kazi, chochote kitakachotangulia. Wengi wanasoma neno "mwaka" wanatulia.

Sasa weka hesabu. Kijana anayemwagilia saa 5 kwa siku anafikisha saa 300 ndani ya siku 60. Yaani miezi miwili! Injini ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 1,800 kwa dakika, ambayo ni mara 108,000 kwa saa. Kwa mkulima wa biashara kalenda haitoshi. Weka daftari dogo kwenye boksi la spana, andika saa ya kuwasha na saa ya kuzima, jumlisha kila Jumapili.

VIFAA

- Fila geji, yaani seti ya vibati vyembamba vya chuma vyenye unene ulioandikwa. Maduka ya spea za pikipiki wanayo.
- Spana mbili zinazoingia kwenye nati za roka, na spana ya boliti za kifuniko (nyingi huwa namba 10).
- Spana ya plagi.
- Mrija wa soda wa plastiki.
- Kitambaa kisafi.

Usitumie karatasi, wembe wala kipande cha msumeno badala ya fila geji. Karatasi inabonyea, wembe ni mwembamba mno, na msumeno ni mnene mara tatu au zaidi ya unachotafuta. Kama fila geji yako imeandikwa kwa inchi, 0.006 ni sawa na milimita 0.15, na 0.008 ni sawa na milimita 0.20.

Kwa GX160 nyingi vipimo ni hivi injini ikiwa baridi, lakini hakikisha kwanza kwenye kitabu cha toleo lako:

- Valvu ya kuingiza: milimita 0.15
- Valvu ya egzosi: milimita 0.20

Kila kimoja kinaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa milimita 0.02 tu. Kama injini yako ni ya kampuni nyingine, hata ikifanana kwa sura, fuata kitabu chake. Na pawatila ya dizeli ina vipimo vyake, usiichukulie hivi vya pampu.

HATUA KWA HATUA

1. Acha injini ipoe kabisa. Ifanye kazi hii asubuhi kabla hujawasha. Ukipima injini ya moto, namba utakayoipata haitakuwa na maana.

2. Funga bomba la petroli, chomoa waya wa plagi, futa vumbi lote juu ya kichwa cha injini, kisha fungua plagi. Vumbi likidondokea ndani umejitengenezea kazi nyingine.

3. Fungua kifuniko cha valvu taratibu usichane gasketi. Utaziona roka mbili. Iliyo upande wa kabureta ni ya kuingiza, iliyo upande wa egzosi ni ya kutolea moshi.

4. Tafuta sehemu sahihi ya kupimia. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Pistoni inatakiwa iwe juu kabisa ikiwa imetoka kukandamiza hewa, valvu zote mbili zimefunga. Ingiza mrija kwenye tundu la plagi uguse pistoni. Usiingize bisibisi, utakwangua pistoni au kuharibu uzi wa plagi. Vuta kamba polepole huku ukitazama roka ya kuingiza. Itabonyea, kisha itarudi juu. Ikisharudi, endelea kuvuta taratibu, mrija utapanda. Simama mrija unapofika kilele.

5. Hakikisha. Shika roka zote mbili kwa vidole. Zote zinatakiwa zicheze kidogo. Ukisogeza injini mbele na nyuma kidogo na roka zikaanza kupandishana, moja inashuka nyingine inapanda, uko kilele kisicho chake. Zungusha mzunguko mmoja kamili urudi kileleni. Kama roka ya egzosi peke yake bado imebanwa, sogeza mbele kidogo sana kupita kilele, itaachia. Lakini kama valvu imekosa uwazi kabisa, roka yake haitacheza hata ukiwa sehemu sahihi. Hapo umeshampata mchawi.

6. Pima kabla ya kugusa nati. Pitisha kibati kati ya roka na mkia wa valvu. Andika ulichokikuta kwenye daftari. Namba hiyo ni ya thamani, utaona mwishoni kwa nini.

7. Rekebisha. Kila roka ina nati ya kufungia juu na nati kubwa kidogo chini yake. Shika ile ya chini kwa spana, legeza ya juu. Ukikaza ya chini uwazi unapungua, ukiilegeza unaongezeka. Weka kibati cha 0.15 kwa valvu ya kuingiza, zungusha hadi kibati kipite kwa kukwaruza kidogo, kama unavuta noti iliyo chini ya kitabu. Kisiwe huru, wala kisihitaji nguvu.

8. Kaza nati ya juu huku umeshikilia ya chini isisogee, halafu pima tena. Kukaza peke yake hubadilisha uwazi. Jaribu na vibati jirani: kwa valvu ya kuingiza, 0.10 kipite kwa ulaini na 0.20 kigome. Kwa ya egzosi, 0.15 kipite kwa ulaini, 0.20 kikwaruze, 0.25 kigome.

9. Vuta kamba polepole injini izunguke mara kadhaa, rudi kilele kile kile, pima mara ya mwisho. Usiikatae hatua hii kwa uvivu. Fimbo inaweza kuwa haikukaa vizuri kwenye roka, na hapa ndipo utaligundua hilo.

10. Rudisha gasketi na kifuniko, kaza boliti kwa mpangilio bila kulazimisha. Kagua uwazi wa plagi, kwa GX160 ni milimita 0.70 hadi 0.80. Ianze plagi kwa mkono kwanza, spana imalizie. Angalia oili, rudisha waya, washa.

UKISHAMALIZA, INJINI INAKUAMBIA NINI?

Kama kamba imerudisha ukinzani na injini inawaka kwa kuvuta mara moja au mbili, umemaliza. Mlio mdogo wa valvu ni kawaida, usikimbilie kukaza ili unyamaze.

Kama uwazi uko sawa na bado hakuna kompresheni, acha kuvuta kamba. Inawezekana valvu imeshaungua, gasketi ya kichwa imepasuka au ringi zimekwisha. Mpelekee fundi, na umwambie ulichopima. Fundi akisikia namba atajua pa kuanzia, na wewe hutalipia kabureta ambayo haikuwa na kosa.

Sasa ile namba ya hatua ya 6. Baada ya saa 300 nyingine, pima tena na ulinganishe. Uwazi ukiwa umebadilika kidogo, injini inazeeka kawaida. Ukikuta umeisha tena kwa muda mfupi, valvu inalika haraka. Anza na chujio la hewa, maana vumbi la mashamba yetu wakati wa kiangazi ni kama msasa. Kisha angalia oili: kwa GX160 inabadilishwa kila saa 100 au miezi 6. Ukiendelea kurekebisha tapeti bila kuziba njia ya vumbi, unamtibu mgonjwa huku unaendelea kumlisha sumu.

Kazi ya nyumbani: wiki hii, kabla hujahamishia miche shambani, fungua kifuniko, pima, andika namba mbili. Kama ni mara yako ya kwanza, ifanye ukiwa na fundi pembeni na spana ishike wewe. Pampu ipimwe miche ikiwa bado kitaluni, maana siku nyanya zikiwa kwenye maua hutakuwa na asubuhi ya kupoteza.