SOMO LETU: Mwanamke Anapokimbia na Hedhi Ikakosa

Katika somo hili tunazungumza juu ya jambo ambalo akina mama wengi wanalijua lakini hulisema kwa kunong'ona. Kiongozi wa kikundi, tafadhali soma polepole kwa sauti, kisha mjadiliane maswali yaliyo mwishoni.

Mfano wetu

Tuseme kuna dada mmoja anayekaa Kibagare na kufanya kazi ya nyumba kule Kitisuru. Tumwite Wambui, ni mfano tu. Kikundi chake kimeamua kushiriki mbio za kuchangia kituo cha afya. Basi anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakimbia kilomita 5 kwenye vilima vya Kitisuru, halafu anaingia kazini: kufua, kupiga pasi, kupanda na kushuka ngazi. Asubuhi amekunywa chai ya strungi peke yake. Chakula cha kweli ni cha jioni, na hapo pia anapakulia watoto kwanza.

Baada ya miezi michache amekuwa mwepesi, na watu wanamsifu. Lakini hedhi haikuja mwezi wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu. Mumewe ameanza kuuliza maswali. Jirani mmoja anasema, "Huyo ana mimba." Mwingine anasema ati mbio zimeharibu kizazi. Wambui ananyamaza. Je, ni nani anayesema kweli?

Mwili hufanya hesabu

Kikundi chenu kinapopungukiwa na pesa mnafanyaje? Mnalipa kwanza yale ya lazima, na mengine mnayaahirisha. Mwili hufanya vivyo hivyo. Chakula kikiwa kidogo kuliko kazi, mwili huutunza moyo na mapafu kwanza. Shughuli ya kuandaa mimba huahirishwa. Ubongo hupunguza ujumbe unaotumwa kwenye mayai ya mwanamke, homoni hushuka, na hedhi husimama.

Mama wa kilo 60 akikimbia kilomita 5 hutumia karibu kalori 300. Hiyo ni kama chapati moja kubwa au mbili ndogo. Asipozirudisha kwa chakula, na bado ana kazi ya kutwa, deni linakua kila siku.

Je, ni mbio au ni njaa? Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walichapisha jibu. Waliwapa wanawake mazoezi kwa siku chache. Wale waliokula kidogo, ujumbe wa homoni ulivurugika. Wale waliofanya mazoezi yale yale lakini wakala chakula cha kutosha kufidia kazi hiyo, haukuvurugika. Kwa hivyo mbio si adui. Adui ni sahani isiyotosha.

Hata hapa kwetu jambo hili lipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu wasichana wakimbiaji hodari wa Kenya ulionyesha kwamba wako katika hatari ya kupungukiwa na nguvu za chakula na kuvurugika kwa hedhi. Na mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilieleza kwamba upungufu huu huwadhuru hata wanaume.

Kwa nini tusipuuze

Wengine husema, "Afadhali, nimepumzika." Hapana, jamani! Homoni ile ile inayoleta hedhi hulinda mifupa. Mwaka 1984 watafiti walipima uti wa mgongo wa wanariadha wanawake. Waliokosa hedhi walikuwa na mifupa dhaifu kuliko wenzao. Mfupa wa namna hiyo hupata ufa kwa urahisi, na nguvu iliyopotea huenda isirudi yote. Msichana yuko hatarini zaidi kwa sababu mifupa yake bado inajengwa.

Lakini habari njema ni kwamba kizazi hakijafa. Chakula kikirudi, kwa kawaida hedhi hurudi, ingawa huweza kuchukua miezi mingi. Tena mwanamke anaweza kukimbia na kuzaa. Faith Kipyegon alijifungua mwaka 2018, na mwaka 2021 akashinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 kule Tokyo.

Tufanye nini?

1. Pima mimba kwanza. Usidhani tu kwamba ni mbio. Mimba ndiyo sababu ya kawaida, na kupima ni rahisi.

2. Kumbuka sababu nyingine. Sindano ya kupanga uzazi, kunyonyesha, umri wa kukoma hedhi, mawazo mengi na magonjwa mengine huweza kusimamisha hedhi.

3. Nenda kituo cha afya kama hedhi imekosa miezi 3, au kama msichana ametimiza miaka 15 bila kuiona. Mwambie muuguzi wazi unakimbia kiasi gani na unakula nini.

4. Ongeza chakula. Kunywa uji wa wimbi au kula viazi vitamu kabla ya kutoka. Ukirudi, kula githeri, yai au maziwa. Omena zinazoliwa nzima, terere na wimbi husaidia mifupa. Avokado na njugu huongeza nguvu bila kujaza tumbo sana.

5. Punguza mbio kwa muda chakula kikiwa haba. Pumzika siku kadhaa za juma.

6. Usifanye kukosa hedhi kuwa njia ya kupanga uzazi. Yai huweza kutoka kabla hedhi haijaonekana tena, na mimba ikaingia.

Neno kwa kikundi

Kabla ya kumnyoshea dada kidole, tumuulize kwanza: "Umekula?" Msichana akikosa hedhi asifukuzwe nyumbani wala asitangazwe kijijini kabla hajapimwa. Waume nao wasome somo hili. Na kikundi kikipanga mbio, kipange pia sufuria ya uji wa baada ya mbio. Ni gharama ndogo kuliko mguu uliovunjika.

Naye Wambui? Afadhali aseme leo. Wazee walisema, mficha uchi hazai.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika nyumba zetu, ni nani anayepakua chakula, na ni nani anayekula wa mwisho? Kwa nini?

2. Mbali na mbio, ni kazi gani nyingine za kila siku zinazomaliza nguvu za mama?

3. Dada wa kikundi chetu akikosa hedhi miezi 3, tutamsaidiaje kufika kituo cha afya bila kumwaibisha?