Vyoo vya London na Mto Thames

Hapo zamani watu wa London walikwenda haja katika vyoo vya shimo vilivyochimbwa chini ya nyumba au uani. Mashimo yalipojaa, watu wenye kazi hiyo walikuja usiku kuyazoa, na taka hizo zikauzwa kwa wakulima ziwe mbolea. Kazi hiyo ilinuka, lakini mto haukuharibika sana.

Kisha vikaenea vyoo vya kuvuta maji. Sir John Harington alikwisha kuandika habari za choo cha namna hiyo mwaka 1596, lakini hakikuingia katika nyumba nyingi mpaka karne ya 19. Nyumba zikawa safi, mashimo yakafurika. Mwisho uchafu ukaelekezwa katika mifereji ya mvua, nayo ilimiminika katika mto Thames. Na mto huo huo ndio uliowapa watu wengi maji ya kunywa!

Siku hizo waganga wengi walisadiki kwamba kipindupindu huletwa na hewa inukayo. Daktari John Snow alisema huletwa na maji. Mwaka 1854, maradhi hayo yalipoua watu zaidi ya 600 katika mtaa wa Soho, alipita nyumba kwa nyumba akiuliza marehemu walikuwa wakiteka maji wapi. Karibu wote waliteka katika pampu ya Broad Street. Lakini katika kiwanda cha pombe kilichokuwa jirani, ambamo wafanya kazi walipewa pombe ya kunywa, hakufa hata mmoja. Tarehe 8 Septemba mkono wa pampu ukaondolewa. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba shimo la choo, lililomwagwa maji ya kufulia nepi za mtoto mgonjwa, lilikuwa mbali na kisima kwa futi zisizotimia 3.

Hata hivyo wakubwa hawakumsadiki Snow. Kilichowashtua ni pua zao wenyewe. Wakati wa joto wa mwaka 1858 mto ulinuka hata mapazia ya Bunge yakalowekwa katika dawa ya chokaa, na fedha zikapatikana upesi. Injinia Joseph Bazalgette akajenga maili 82 za mifereji mikuu ya matofali, ichukue uchafu mbali mashariki ya mji. Walikusudia kuondoa harufu, wakaondoa maradhi. Kipindupindu kiliporudi mwaka 1866 kiliua watu zaidi ya 5,000, wengi wao wa upande wa mashariki, ambako mifereji mipya ilikuwa haijakamilika.

Snow hakuyaona hayo. Alifariki Juni 1858, siku zile zile mto uliponuka kupita kiasi.