Elimu Iliyomo katika Vigae vya Jaani

Chungu kikiwa kizima hutunzwa, kikivunjika hutupwa. Jambo hili ni la kawaida katika kila nyumba, wala hakuna alifikiriaye. Lakini kwa mtaalamu wa mambo ya kale, chungu huanza kazi yake ya pili siku kinapovunjika. Chungu kizima huuzwa, huazimwa, hurithiwa na kuchukuliwa mbali; kigae hakitakiwi na mtu, kwa hiyo hukaa karibu na pale kilipotupwa. Mti huoza, ngozi huliwa na wadudu, chuma huliwa na kutu. Udongo uliochomwa motoni hauozi, hata ukilala ardhini miaka elfu. Ndiyo sababu jaa la watu wa kale ni kama kitabu kwa yule ajuaye kulisoma.

Mashamba yaliyouzunguka mji wa Eldoret ni mahali pazuri pa kujifunza elimu hiyo, maana hapo vigae vya jaani vimesaidia kujibu swali kubwa: ni nani waliokaa katika nchi hii kabla ya habari zake kuandikwa?

MASHIMO YA WASIRIKWA

Katika uwanda wa juu wa Uasin Gishu, na katika nchi za Nandi, Elgeyo, Kericho na Nakuru, mna mashimo mengi ya mviringo yaliyochimbwa kwenye miteremko ya vilima. Shimo la kawaida lina upana wa mita 10 hadi 15, nalo limebonyea katikati mfano wa sahani kubwa. Katika Uasin Gishu, penye mawe mengi, kuta za mashimo mara nyingi zilijengwa kwa mawe yaliyopangwa vizuri bila ya kuunganishwa kwa kitu chochote. Wanandi huyaita mashimo hayo mukowanik. Masimulizi ya wazee wa Kikalenjini yasema kwamba wenyewe walikuwa Wasirikwa, watu wenye ng'ombe wengi, waliokaa huko kabla ya Wamasai kuuteka uwanda.

Walowezi wa Kikaburu walifika Uasin Gishu mwaka 1908, na mji wa Eldoret ulianza mwaka 1910 katika shamba namba 64, ndiyo maana hata leo wengi huuita Sisibo. Wakati huo uwanda ulikuwa na watu wachache, kwa sababu ya vita vya Wamasai vya karne ya 19. Wageni walipoyaona mashimo matupu, wengine walidhani kuwa yalikuwa nyumba za watu waliokaa chini ya ardhi. Mwaka 1933 G. W. B. Huntingford aliandika habari za ustaarabu wa kale alioupa jina la Azania, akasema kuwa ndio ulioacha kazi hizo za mawe, kisha ukatoweka. Kwa fikira hiyo, mashimo ya Uasin Gishu yalionekana kuwa mali isiyo na warithi, na wenyeji wa nchi kuwa watu waliokuja juzi tu.

JAA LATOA USHAHIDI

Katika miaka ya 1960 mtaalamu John Sutton alizunguka nyanda za juu za magharibi ya Kenya, akiyaandika mashimo hayo moja moja na kuyachimba baadhi yake, kama yale ya Chemagel karibu na Sotik. Matokeo ya kazi yake yalitolewa katika kitabu mwaka 1973. Aligundua kwamba shimo halikuwa nyumba hata kidogo. Lilikuwa zizi la ng'ombe, lililochimbwa chini ili mifugo ilindwe na wezi wa usiku. Watu wenyewe walilala katika nyumba zilizojengwa kando, ambazo mlango wake ulielekea zizini.

Ushahidi ulitoka kwa jinsi gani? Sehemu kubwa ulitoka jaani. Mlango wa zizi ulikuwa upande wa chini wa mteremko, na karibu na mlango huo pana kichuguu cha udongo. Kichuguu hicho ni takataka zilizozolewa kutoka zizini: samadi, tope, majivu, mifupa ya wanyama na vigae vya vyungu. Lau watu wangalilala ndani ya shimo, samadi isingalijaa humo.

Vigae navyo vilitoa habari zao. Vingi vina nakshi za mistari midogo iliyofanyizwa kwa kuviringisha kamba ndogo iliyosokotwa juu ya udongo ulipokuwa bado mbichi. Nakshi hiyo haimo katika vyungu vya wafugaji wa kwanza wa Bonde la Ufa, walioishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kwa hiyo mtaalamu akiona kigae chenye alama ya kamba, ajua mara moja kwamba si cha zama zile za mwanzo. Vyungu vya namna hii huitwa vya Lanet, kwa jina la mahali karibu na Nakuru ambapo Merrick Posnansky alichimba mwaka 1957. Vigae vya aina hiyo, pamoja na kupimwa kwa kaboni iliyomo katika makaa ya kale, vyaonyesha kwamba mashimo hayo yalitumika tangu karne ya 13 hivi hata karne ya 18.

Sutton alihukumu kwamba waliochimba mashimo hayo hawakuwa wageni waliotoweka. Walikuwa wafugaji wa nchi hii hii, na wengi wa wazao wao wamo katika makabila ya Kikalenjini ya leo. Hivyo taka iliyozolewa zizini iliwarudishia wenyeji historia yao.

TAKA ZA VIWANDA VYA MBALI

Kusoma vigae si elimu ya Afrika peke yake. Katika mji wa Jingdezhen, nchi ya China, kilikuwako kiwanda cha vyombo vya mfalme. Chombo chenye kasoro hata ndogo hakikuruhusiwa kutumiwa na mtu mwingine. Kilivunjwa na kuzikwa. Wataalamu wa siku hizi wameyafukua mashimo hayo na kuviunganisha vigae, wakapata kujua aina za vyombo ambazo hazikupata kutoka kiwandani. Huko Stoke-on-Trent, Uingereza, taka za viwanda vya kale vya vyombo nazo huchunguzwa vivyo hivyo.

Faida ya kazi hiyo hufika mpaka pwani yetu. Katika magofu ya Gede, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, vigae vya China vilipatikana pamoja na vya wenyeji. Kwa kuwa miaka ya vyombo vya China yajulikana, vigae vya wenyeji vilivyolala navyo katika tabaka moja vilipata kukadiriwa umri.

Katika bara hali ni tofauti. Wafinyanzi wake, ambao wengi ni wanawake, huchoma vyungu katika moto wa wazi wa kuni na nyasi, bila tanuru la kujengwa. Hapana malundo makubwa ya kiwanda. Taka zimetawanyika katika majaa ya nyumba. Kwa hiyo hapa kazi ya kutembea na kutazama ardhi ni kubwa zaidi.

NAMNA YA KUPIMA SHAMBA

Kazi hiyo hufanywa kwa taratibu hizi:

1. Wakati ufaao ni baada ya shamba kulimwa na mvua kunyesha, kwa maana mvua huosha vigae vikaonekana.

2. Watu husimama katika mstari, kila mmoja mbali na mwenziwe kwa hatua sawa, wakaenda pamoja polepole wakitazama chini.

3. Kila kigae huwekewa alama mahali kilipo, na mahali hapo huandikwa katika ramani kabla kigae hakijaguswa.

4. Vigae hutengwa: vya mdomo, vya shingo, vya tumbo na vya kitako. Kile cha mdomo kina thamani zaidi, kwani kwa kupima upindo wake yajulikana upana wa mdomo wa chungu.

5. Vigae huoshwa, hukaushwa na kuandikwa namba kwa wino, ili hata baada ya miaka 50 mtu ajue kila kimoja kilitoka wapi.

Mpimaji hana budi kujihadhari na makosa. Maji huteremsha vigae bondeni, na plau huvikokota. Tena nakshi peke yake haitoshi kumtambulisha mwenye chungu. Ingrid Herbich, aliyechunguza wafinyanzi wa Kijaluo, alieleza mwaka 1987 kwamba mwanamke hujifunza ufinyanzi baada ya kuolewa, akifundishwa na mama mkwe wake na wenzake. Nakshi yake basi huwa ya mahali alipoolewa, wala si ya mahali alipozaliwa. Mtu aonaye kigae na kusema papo hapo, "Hiki ni cha kabila fulani," amekwenda mbio kuliko ushahidi.

KIGAE KISICHO NA MAHALI

Hatari iliyopo ni hii. Mashimo mengi ya Uasin Gishu yamesawazishwa kwa plau tangu kilimo cha ngano kilipoanza. Mawe yake hutolewa ili kujengea, na vichuguu vya milangoni, ambavyo ndivyo vyenye habari nyingi, huwa vya kwanza kutawanyika. Mahali pengine pamelindwa: Hyrax Hill karibu na Nakuru, ambapo Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938, pana mashimo ya namna hii, napo palitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1943. Lakini mashimo mengi yamo katika mashamba ya watu, nayo hayana mlinzi ila mwenye shamba.

Mkulima aonaye shimo la kale au vigae vingi shambani mwake asivikusanye katika gunia. Kigae kilichookotwa bila kuandikwa mahali pake kimekuwa bubu. Kimebaki kipande cha udongo tu. Afadhali akiache palepale, alizungushe jembe lake, na kuwaarifu Makumbusho ya Taifa bila kukawia. Makumbusho ya Kitale si mbali na Eldoret. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi yaamuru kwamba avumbuaye vitu vya kale atoe taarifa, tena yakataza mtu kuchimba bila kibali.

Wahenga walisema kwamba mfinyanzi hulia gaeni, kwa kuwa afanyaye vyungu vizuri hula katika kipande kilichovunjika. Wafinyanzi wa Uasin Gishu wamekwisha kufa zamani, na vyungu vyao vizima vimepotea. Vimebaki vigae, na kila kimoja kina neno la kusema maadamu kimelala mahali pake.