Kutoka Kwamndolwa hadi Korongo la Engare Sero: Mwongozo wa Siku 4

Mwongozo huu ni wa msafiri anayetoka Kwamndolwa, Korogwe, kwenda Ziwa Natron, wilayani Ngorongoro. Humu, "kambi" ni kambi ya mahema utakayolala kando ya ziwa. "Korongo" ni ufa wenye kuta za mawe ambamo mto Engare Sero unateremka kutoka ukingo wa Bonde la Ufa. Fuata hatua kwa mpangilio wake.

1. Chagua tarehe kati ya Juni na Oktoba. Usiende Machi hadi Mei. Mvua za masika huharibu barabara, na hatari yake kubwa zaidi ni mafuriko ya ghafla ndani ya korongo.

2. Pigia kambi simu. Uliza bei ya raia wa Tanzania, kama chakula kimo, na nani atakuwa mwongozaji. Omba majibu kwa ujumbe wa maandishi, uuhifadhi.

3. Fungasha kwa kila mtu: chupa za maji zenye ujazo wa lita 3, pakiti 4 za ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini), kofia pana, tochi, kitambulisho cha taifa, fedha taslimu, mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na viatu vya kufunga vyenye soli ya kushika mawe. Ndala hazifai, maana mto utazichukua.

4. Panda basi la asubuhi la Arusha kwenye stendi ya Korogwe. Njia ni Mombo, Same, Moshi. Ukifika Arusha, panda gari la Mto wa Mbu linalopita Makuyuni. Lala Mto wa Mbu.

5. Kodi gari la fowili, yaani linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kabla ya kulipa, hakiki kwa macho yako: spea 2 zenye upepo, jeki, koleo, na maji ya akiba lita 20. Jaza hapohapo mafuta ya kwenda na kurudi. Njia ya vumbi na mawe inayopita Engaruka ina kilomita zipatazo 120.

6. Lipa ushuru kwenye kila kizuizi. Soma stakabadhi kabla ya kuondoka: tarehe, idadi ya watu, kiasi. Zitunze zote pamoja.

7. Ukifika kambini siku ya pili, kaa kivulini hadi saa 10 jioni. Mtu wa Korogwe amezoea joto la unyevu. La Natron ni kavu, na jasho hukauka kabla hujaliona, kwa hiyo usisubiri kiu: kunywa nusu lita kila saa.

8. Siku ya tatu, ondoka kambini na mwongozaji saa 12 na nusu asubuhi. Muulize kama mvua ilinyesha usiku kwenye nyanda za juu, kwani maji ya mto hutoka huko. Anga la buluu juu ya kichwa chako si ushahidi. Akisema ilinyesha, ahirisha.

9. Pima mto kabla ya kuingia. Weka jiwe la ukubwa wa ngumi pale maji yanapokomea, ungoje dakika 10. Jiwe likibaki kavu na maji yakawa maangavu, endelea. Likifunikwa, au maji yakigeuka rangi ya chai ya maziwa na kuleta majani na vijiti, rudi. Rudia kipimo hiki katika kila kivuko.

10. Vuka ukikabili mkondo, mguu mmoja baada ya mwingine, mkono ukishika mwamba. Simu iwe ndani ya mfuko wa plastiki. Mara nyingi maji huishia magotini au mapajani. Yakikufika kiunoni, usiendelee. Kuta husogeleana kadiri unavyopanda, na mvumo wa maporomoko ya maji husikika kabla hujayaona. Oga pale mwongozaji anapoelekeza tu, kwa sababu mawe huanguka kutoka juu.

11. Toka korongoni kabla ya saa 4 asubuhi. Hesabu watu, kisha mrudi kambini mlale kivulini.

12. Tembelea nyayo za kale saa 10 na nusu jioni. Ni alama zaidi ya 400 za miguu ya binadamu zilizoganda kwenye majivu ya volkano, na wanasayansi wanazikadiria kuwa na umri wa kati ya miaka 5,000 na 19,000. Usizikanyage wala kuzimwagia maji. Simama pembeni uone vidole: wanasayansi wanakadiria kuwa kundi moja lililopita hapo likitembea pamoja lilikuwa na wanawake watu wazima kwa wingi. Hatua hii isirukwe hata kama umechoka.

13. Tazama heroe kutoka ukingoni. Natron ndiyo mazalia makuu ya heroe wadogo wa Afrika Mashariki. Usikanyage ganda jeupe la magadi. Chini yake mna tope, na maji yake huunguza ngozi.

14. Ondoka siku ya nne saa 11 alfajiri. Weka stakabadhi za hatua ya 6 mfuko wa juu, kwani vizuizini huweza kuulizwa tena wakati wa kurudi.