Mtafiti aliyeifuata presha kutoka kijijini hadi Nairobi

Kiharusi ni ugonjwa ambao watu wengi huogopa hata kuutaja. Hapa Kianjai, ambako ninatibu wagonjwa, bado wapo wanaonong'ona kwamba mzee fulani aliyepooza upande mmoja alirogwa kwa ajili ya shamba la miraa. Leo sitabishana nao. Nitakueleza juu ya kazi ya Profesa Neil Poulter, Mwingereza ambaye ameutumia umri wake kutafiti jinsi ya kuzuia magonjwa ya moyo na kiharusi. Sehemu kubwa ya yale aliyoyajua mapema aliyajulia papa hapa Kenya.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Kiharusi hutokea wakati damu inaposhindwa kufika katika sehemu ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umezibwa na donge la damu, ama kwa sababu umepasuka. Zipo sababu kadhaa, kama vile kisukari, sigara na moyo unaopiga bila mpango, lakini kubwa kuliko zote ni shinikizo la damu, ambalo wengi wetu huliita presha.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba presha si ugonjwa wa Mwafrika. Mwaka 1929 daktari aitwaye Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kavirondo ya Kusini, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya watu 1,000 wa sehemu hiyo. Alieleza kwamba kwa wenyeji hao presha haikupanda kadiri umri ulivyosonga, kama ilivyokuwa kwa Wazungu. Lakini miaka michache baada ya Uhuru, wadi za hospitali zetu za mijini hazikukosa mgonjwa wa presha. Je, damu ya Mwafrika ilikuwa imebadilika?

Hilo ndilo swali lililomkuta Poulter alipokuwa kijana, akifanya utafiti nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kupima watu wa kijijini na kuwalinganisha na watu wa Nairobi hakukutosha. Mtu angeweza kusema kwamba wanaokwenda mjini ni watu wa namna nyingine tangu mwanzo, labda ndio wenye pupa na wasiwasi. Kwa hiyo yeye na wenzake walifanya jambo gumu zaidi. Waliwapima Waluo katika vijiji vya kaskazini mwa Ziwa Victoria, na wale waliofunga safari kwenda kutafuta kazi Nairobi wakafuatwa huko huko mjini. Walipimwa tena baada ya mwezi mmoja, kisha tena na tena hadi miaka miwili. Wahamiaji hao walizidi 300, nao wenzao waliobaki nyumbani walipimwa vilevile ili walinganishwe nao.

Hebu fikiria kazi hiyo. Hapakuwa na simu za mkononi. Mtu ameondoka kijijini na anwani ya binamu yake tu, nawe wamtafuta katika mitaa ya Nairobi ukiwa na mashine ya kupimia presha mkononi!

Matokeo yalichapishwa mwaka 1990 katika British Medical Journal. Presha ya wale waliohamia mjini ilikuwa juu kuliko ya wenzao wa nyumbani, na tofauti hiyo ilionekana mapema, wala haikungoja uzee. Uzito wao ulikuwa umeongezeka, mapigo ya moyo yalikuwa ya haraka zaidi, na mkojo wao ulionyesha kwamba walikuwa wakila chumvi nyingi zaidi huku madini ya potasiamu yakipungua. Potasiamu ndiyo tunayoipata katika ndizi, viazi vitamu, maharagwe na mboga za majani. Ukoo wao ulikuwa ule ule, na wazazi wao ni wale wale. Kilichobadilika kilikuwa sahani na maisha. (Miongoni mwa waandishi wa utafiti huo lipo jina la Mugambi, jina ambalo msomaji wa Meru au Embu hahitaji kuelezwa.)

Msomaji wa mjini asidhani kwamba dawa ya haya ni kurudi kijijini. Kijiji kile cha miaka ya 1980 hakipo tena. Hapa Kianjai, kando ya barabara ya Meru kwenda Maua, utapata chipsi zilizonyunyiziwa chumvi, soda baridi, na bodaboda inayokupeleka mahali ambapo baba yako angetembea kwa miguu. Naiona Nairobi ya utafiti ule imepanda gari na kutufuata huku.

Poulter aliporejea Uingereza aliingia katika swali la pili: mtu akishapata presha, ni dawa gani itamkinga na kiharusi? Akiwa na Peter Sever na Bjorn Dahlof aliongoza utafiti uitwao ASCOT, uliowahusisha wagonjwa 19,257 wa presha katika Uingereza, Ireland na nchi za Skandinavia. Mwaka 2005 walitangaza kwamba waliotumia amlodipini, wakiongezewa perindoprili ilipohitajika, walipatwa na kiharusi kwa asilimia 23 chini ya wale waliotumia atenololi na dawa ya kuongeza mkojo. Ndiyo sababu siku hizi atenololi si dawa ya kwanza tunayoiandika kwa presha ya kawaida. Lakini nakuomba, kama wewe unaimeza, usiiache kwa sababu umesoma gazeti. Kuikatiza ghafla kunaweza kuudhuru moyo. Muone daktari wako.

Wagonjwa hao walikuwa wengi wao Wazungu, na ilikuwa haki kuuliza kama sisi tungepona vivyo hivyo. Utafiti wa CREOLE, uliochapishwa mwaka 2019 chini ya uongozi wa Dike Ojji wa Nigeria, ulipima jozi 3 za dawa kwa wagonjwa 728 katika nchi 6 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Poulter alikuwa miongoni mwa watafiti, na kutoka Nairobi alikuwepo Profesa Elijah Ogola. Jozi zilizokuwa na amlodipini ndani yake zilishusha presha zaidi. Dawa hii si ghali kama wengi wanavyodhani. Baadhi ya watu huvimba miguu wakiitumia. Ikikutokea, rudi useme, tubadilishe au tupunguze, badala ya kuvificha vidonge chini ya godoro.

Msomaji mmoja aliniuliza kuhusu miraa, na siwezi kulikwepa swali hilo nikiwa Tigania. Kathinoni iliyomo katika majani mabichi huharakisha moyo na kupandisha presha wakati wa kutafuna na kwa saa kadhaa baadaye. Mwenye presha afadhali aiache, hata kama ndiyo iliyowasomesha watoto wake. Na ukitaka kipimo cha kweli, usije kupimwa ukiwa bado na majani shavuni. Keti dakika 5, nyamaza, mkono uwe juu ya meza, upimwe mara mbili. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, siku zaidi ya moja, hiyo ni presha.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini alikuwa na presha, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Ndiyo maana mwaka 2017, akiwa rais wa chama cha kimataifa cha wataalamu wa presha, Poulter aliongoza kampeni ya kupima watu kila mwezi wa Mei. Mwaka huo wa kwanza walipimwa zaidi ya watu milioni 1. Kipimo chenyewe hakiumi wala hakihitaji damu.

Ikiwa mtu wa nyumbani kwako ghafla mdomo umeenda upande, mkono umelegea au maneno hayaeleweki, usimpe vidonge vya presha vya jirani wala usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali kubwa, na uiandike saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha donge, mahali inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu ugonjwa uanze, na swali la kwanza utakaloulizwa mlangoni ni lilianza saa ngapi.